SIKUKUU NA UJIRA WAKE

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Griftu



Twawashukuru kwa kutupa nafasi ya kusema kabla hesabu za mwaka hazijapitishwa. Desturi ya mkutano huu ni kwamba Karani husoma hesabu, Mweka Hazina huzithibitisha, kisha mzee mmoja hutuombea dua tukaenda zetu. Safari hii tumeomba ruhusa ya kutanguliza jambo moja, kwa sababu katika hesabu mtakazosomewa limo deni ambalo halikuandikwa mahali popote. Kulinyamazia ni kuwadanganya wanachama, na sisi hatukupewa kalamu ya Chama ili tuwadanganye wenye Chama.

Deni lenyewe ni la sikukuu.

Tulipokuwa tukitayarisha taarifa hii, tulichukua madaftari ya mahudhurio ya watu wawili walioajiriwa na Chama, yaani mlinzi wa usiku wa ghala letu na mtunza pampu wa kisima cha mashine. Tukayaweka kando ya kalenda ya mwaka 2025, tukapitisha kidole mwezi baada ya mwezi. Siku ya Mwaka Mpya, wote wawili walikuwa kazini. Idd-ul-Fitri, wote wawili walikuwa kazini. Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Sikukuu ya Wafanyakazi, Madaraka, Idd-ul-Azha, Mashujaa, Jamhuri, Krismasi, kila siku ina alama ya kuwapo. Kisha tukafungua kitabu cha malipo. Kila mwezi ni mshahara ule ule, bila kuongezwa hata shilingi moja.

Tulimwita mlinzi, tukamwuliza kwa nini hakutukumbusha. Naye ni mtu mzima wa makamo, wala hana tabia ya kulalamika. Akatujibu kwa upole: "Nilidhani sikukuu ni ya wenye ofisi. Kazi yetu sisi ni kuwalinda wanaosherehekea."

Ndugu wanachama, jawabu hilo lilitutia haya. Chama hiki kiliundwa ili wanyonge wasaidiane. Mara ngapi tumekaa chini ya mti huu tukiwasema vibaya makontrakta na matajiri wasiolipa watu haki zao? Kumbe ndani ya nyumba yetu wenyewe yumo mtu anayetudai, naye hajui kwamba anatudai. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Tulifanya kwa kutojua, na kwa kudhani kwamba aliyenyamaza ameridhika. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na ili tulipe vizuri hatuna budi kwanza kuielewa sheria, kisha kupanga mwaka wetu mapema. Haya ndiyo mawili tunayotaka kuyaeleza leo.

Kwanza tuseme habari ya zamani kidogo, maana baadhi ya wazee wetu wanaikumbuka wenyewe au waliisikia kwa baba zao. Wakati wa ukoloni, katika mashamba na kazi nyingi za Kenya, mtu aliajiriwa kwa tikiti ya siku 30 za kazi, akatakiwa kuzimaliza katika muda wa siku 42. Siku aliyofanya kazi iliandikwa katika tikiti. Siku asiyofanya kazi, iwe ya ugonjwa, ya mvua, au ya sikukuu, haikuandikwa. Kwa hiyo sikukuu kwake ilikuwa siku ya njaa. Ilimrudisha nyuma siku moja katika kuutafuta mshahara wake. Tikiti zile zimekwisha zamani, lakini fikira yake haijatoka katika vichwa vya waajiri wengi, nasi tukiwamo. Bado twaona kwamba mtu analipwa kwa jasho la siku ile tu, na kwamba siku ya kupumzika ni zawadi ya bwana.

Sheria ya leo haisemi hivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na masharti ya kazi yanayofaa. Katika kifungu cha 9 imezitaja siku tatu za taifa, nazo ni Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, na Jamhuri tarehe 12 Desemba, ikasema kwamba hizo zitakuwa sikukuu za watu wote. Sheria ya Sikukuu, ambayo ni Sura ya 110 ya sheria za Kenya, inaongeza nyingine. Zote pamoja ni hizi: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Mei, Madaraka, Idd-ul-Fitri, tarehe 10 Oktoba, Mashujaa, Jamhuri, Krismasi, na siku inayofuata Krismasi. Hesabu yake ni siku 11 kwa watu wote wa Kenya.

Tarehe 10 Oktoba imebadilishwa jina mara kadhaa. Ilikuwa Siku ya Moi, baadaye ikaitwa Siku ya Utamaduni, na tangu mwaka 2024 ni Siku ya Mazingira. Tunalitaja hili kwa ajili ya makarani wenzetu wanaoendelea kunakili kalenda za zamani. Majina hubadilika, na sheria hubadilika, kwa hiyo kila mwaka orodha na itazamwe upya.

Idd-ul-Azha ina mahali pake pa peke yake. Katika sheria hiyo imeandikwa kuwa ni sikukuu ya watu wa dini ya Kiislamu. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikiitangaza kuwa ya watu wote, lakini hata isipotangazwa hivyo, Mwislamu anayo haki yake kwa sheria yenyewe. Ukiichanganya na zile 11, watu wetu wengi hapa Griftu wana siku 12. Tena sheria imesema kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili, basi siku inayofuata isiyokuwa sikukuu ndiyo itakayokuwa ya kupumzika. Haikusema hivyo kwa Jumamosi, wala kwa Ijumaa.

Zaidi ya hizo, Waziri anaweza kutangaza siku nyingine katika Gazeti Rasmi la Serikali. Tumeyaona hayo mara nyingi. Jumatatu ya tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa sikukuu ili watu wapande miti. Tarehe 10 Mei 2024 ilitangazwa kwa kuwaomboleza waliokufa katika mafuriko. Tarehe 17 Oktoba 2025 ilikuwa siku ya ibada ya mazishi ya kitaifa ya Mheshimiwa Raila Odinga, aliyefariki siku mbili tu kabla yake. Siku za namna hiyo hazimngoji karani. Huja kwa redio, na kesho yake ndiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye ujira. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na kuuandika ni wajibu wa mwajiri. Tena inataka maandishi hayo yaeleze haki ya likizo ya mwaka, na sikukuu, na malipo yake, kwa namna iliyo wazi kiasi cha kumwezesha mtu kufanya hesabu kamili ya haki yake, hata siku ya kuacha kazi. Maandishi hayo yatunzwe kwa miaka 5 baada ya kazi kwisha. Kukitokea kesi na mwajiri akashindwa kuutoa mkataba ulioandikwa, basi ni juu yake mwajiri kuthibitisha au kukanusha yale yanayodaiwa. Mfanyakazi naye ana miaka 3 ya kuleta dai lake. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba jambo la mwaka juzi limekwisha kuzikwa.

Likizo ya mwaka ni jambo jingine, na watu wengi hulichanganya na hili. Baada ya kutumika miezi 12, mfanyakazi ana haki ya likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Sheria imesema siku za kazi. Basi sikukuu ikiangukia ndani ya likizo yake, haihesabiwi kuwa moja ya zile 21. Neno hili si la Kenya peke yake. Mkataba wa kimataifa kuhusu likizo yenye malipo, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1970, nayo Kenya ikauridhia mwaka 1979, unasema vivyo hivyo kwamba sikukuu zisihesabiwe katika likizo. Mwajiri anayemwambia mtu, "Wewe umekula Idd mbili na Krismasi, basi tumezitoa katika likizo yako," anakosea.

Ama yule anayeitwa kazini siku ya sikukuu, hesabu yake imewekwa katika Amri ya Mishahara ya mwaka 1982. Saa za ziada katika siku za kawaida hulipwa mara moja na nusu, na saa za kazi katika sikukuu au siku ya mapumziko ya juma hulipwa mara mbili. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi, ili kuijua saa yake moja, mshahara wa msingi hugawanywa kwa 225.

Natufanye mfano mwepesi, ambao si mshahara wa mtu fulani. Mtu ana shilingi 18,000 kwa mwezi. Tukigawanya kwa 225 twapata shilingi 80 kwa saa. Mara mbili ni shilingi 160. Akitunza pampu saa 8 siku ya Idd, malipo ya siku ile ni shilingi 1,280. Nasi twapendekeza Chama kiyahesabu hayo juu ya mshahara wa mwezi, kwa kuwa mshahara wa mwezi ungekuwa haki yake hata kama angelala nyumbani siku hiyo.

Mlinzi wa usiku ana hesabu inayohitaji uangalifu. Yeye huingia saa kumi na mbili jioni, akatoka saa kumi na mbili asubuhi. Usiku wake mmoja umo ndani ya tarehe mbili. Sisi kwa dini na desturi ya hapa twaona siku mpya huingia jua linapotua, lakini tarehe ya ofisi hugeuka saa sita ya usiku. Basi tunapendekeza daftari liandikwe hivi: saa zilizomo ndani ya tarehe ya sikukuu ndizo zihesabiwe mara mbili. Mlinzi aliyelala zamu usiku wa kuamkia Idd na usiku wa Idd yenyewe atakuwa na saa 6 za alfajiri na saa 6 za jioni, jumla saa 12. Tukiandika "alikuwapo" tu, pasipo saa, hatutajua tunamlipa nini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho la mtu pia ni mali.

Hapa mzee mmoja anaweza kutuuliza: "Kwa nini msifunge ghala na kisima, watu wote wakasali Idd?" Ni swali zuri. Lakini sisi twakaa Griftu. Ngamia aliyetoka malishoni siku nne hajui kwamba leo ni Idd, wala mbuzi hasomi Gazeti la Serikali. Wakati wa kiangazi, kisima kikifungwa siku moja, foleni ya mifugo kesho yake huleta ugomvi. Wagonjwa hospitalini hawapumziki kuugua. Ghala lisipolindwa usiku wa sikukuu, ndio usiku mwizi anaoutaka. Ziko kazi zisizosimama, na aibu si kumwita mtu kazini. Aibu ni kumwita pasipo kumpa habari mapema, pasipo zamu ya haki, na pasipo malipo yake.

Kwa hiyo yatupasa kupanga. Tutazame juma moja tu la mwaka 2025. Madaraka, tarehe 1 Juni, iliangukia Jumapili. Kwa hiyo Jumatatu tarehe 2 ikawa ya mapumziko. Ijumaa ya juma lile lile, tarehe 6 Juni, ikatangazwa Idd-ul-Azha. Katika siku tano za kazi, mbili zimeondoka, tena moja mwanzo na moja mwisho. Aliyekuwa na kazi ya kufunga hesabu, au ya kupokea mizigo, au ya kulipa vibarua, kama hakuwa ameitazama kalenda tangu Aprili, juma lile lilimshinda. Oktoba nayo ikawa na Ijumaa mbili mfululizo, tarehe 10 na tarehe 17, kisha Jumatatu tarehe 20. Sisi wenyewe mwezi huo tulichelewesha malipo, na lawama ilikuwa yetu.

Twajua kwamba Idd mbili haziwezi kufungwa kwa wino tangu Januari. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, nazo Idd husogea nyuma kila mwaka. Tena mwezi huonekana au usionekane, na hutokea msikiti huu ukaswali leo na ule ukaswali kesho, wala Gazeti la Serikali haliwezi kuwatenganisha. Dawa yake ni nyepesi. Karani na aandike kwa penseli siku mbili, ile inayotazamiwa na ile ya baada yake, na majina ya watu wa zamu yawekwe kwa siku zote mbili. Tangazo likitoka, moja ifutwe na moja iandikwe kwa wino. Akiwapo mfanyakazi ambaye jamaa zake wanaswali siku nyingine, apewe muda wa kuswali kwa maelewano na mwenzake wa zamu. Jambo hili halimgharimu mtu kitu.

Katika zamu, wako wenzetu waliotoka sehemu nyingine za nchi, walimu, wauguzi na mafundi, ambao wengi wao ni Wakristo. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulikaa na watu wa dini mbalimbali katika bweni moja, tukajifunza kwamba mtu hufurahi sana anapoheshimiwa katika siku yake kubwa. Katika mahali pengi pa kazi, Mkristo hukubali kushika zamu ya Idd ili Mwislamu akaswali, na Mwislamu hushika zamu ya Krismasi ili mwenzake asafiri kwao. Huo ni ujirani mwema, nasi tunausifu. Lakini angalieni: yule Mkristo aliyefanya kazi siku ya Idd-ul-Fitri amefanya kazi siku ya sikukuu, ijapokuwa si sikukuu ya dini yake, na haki yake ni mara mbili. Na yule Mwislamu wa Krismasi ni hivyo hivyo. Asije mwajiri akaugeuza wema wa watu wawili kuwa faida ya mfuko wake. Na siku ya badala, ikitolewa kwa maelewano, iandikwe tarehe yake. Isiwe ahadi ya mdomo inayosahauliwa.

Tusiwasahau vibarua. Tuliwahi kuandika majina katika kazi moja ya ujenzi, si mbali na hapa, ambapo watu walichukuliwa kwa siku, wakafanya kazi miezi mitatu mfululizo. Jioni ya kuamkia kila sikukuu waliambiwa, "Kazi imekwisha, rudini keshokutwa." Walirudi, wakaandikwa upya kama wageni. Sisi ndio tuliokuwa tukiwaandika, na hatukujua sheria. Sheria inasema kibarua ni mtu anayechukuliwa kwa muda usiozidi saa 24 na kulipwa mwisho wa siku. Akiendelea siku mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au akapewa kazi ambayo kwa makadirio haiwezi kwisha chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kubadilisha ukurasa wa daftari hakuibadilishi sheria. Vijana wetu wakiambiwa "rudini keshokutwa", na waje kwa Chama tuwaandikie barua kwa ofisi ya kazi. Na ikishindikana huko, ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Tukisema haki ya mfanyakazi, tuseme na wajibu wake. Sikukuu ni siku moja. Mtu akienda Wajir au Garissa kula Idd na jamaa zake, akarudi siku ya nne akisema gari halikupatikana, amewatwika wenziwe mzigo wake. Atakaye siku zaidi na aombe mapema, zikatwe katika likizo yake kwa maandishi. Na aliyekubali zamu ya sikukuu asimtume mtoto wa ndugu yake ashike pampu. Malipo ya mara mbili ni ya kazi iliyofanywa na mtu aliyeandikwa.

Wako pia watakaosema: "Siku hizi za Serikali, Madaraka na Jamhuri, zatuhusu nini sisi wa huku?" Hatuwalaumu. Wazee wetu wanakumbuka kwamba Uhuru ulipowadia Desemba 1963, mwezi ule ule hali ya hatari ilitangazwa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nayo haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kwa miaka mingi bendera ilipandishwa huku, lakini haki haikufika pamoja nayo. Ilipotangazwa mwaka 2025 kwamba sherehe za kitaifa za Madaraka za mwaka 2026 zitaletwa Wajir, wengi walifurahi, na baadhi walitabasamu tu. Sisi twaona hivi: sherehe hupita kwa siku moja, magari yakaondoka. Lakini mlinzi wa ghala la Griftu akilipwa siku ya Madaraka kama anavyolipwa mlinzi wa Nairobi, basi hapo sheria ya nchi imefika kwetu kwa kweli. Na hilo halimngoji mgeni yeyote kutoka mbali. Tunaliweza sisi wenyewe.

Lililobaki ni swali la fedha, nalo ndilo lililowanyamazisha wengi katika kamati. Hesabu yake si ya kutisha. Tuzichukue siku 12, tuongeze siku moja ya akiba kwa tangazo la ghafla, ziwe 13. Kwa mfano wetu wa shilingi 1,280, siku 13 ni shilingi 16,640 kwa mwaka, kwa mtu aliyefanya kazi sikukuu zote bila kupumzika hata moja. Tukiweka kando shilingi 1,400 kwa mwezi kwa ajili yake, mwisho wa mwaka hatutakopa. Na tukimwajiri mtu wa kupokezana naye, kila mmoja atapumzika nusu ya sikukuu zake. Fedha zinazotushinda ni zile tusizozitazamia. Ujira wa sikukuu twaweza kuutazamia tangu Januari, ila kwa siku chache za tangazo.

Kwa hayo, Mheshimiwa Mwenyekiti, tunauomba mkutano huu ukubali mambo matano. Kwanza, watu wetu wawili walipwe sikukuu zote walizofanya kazi mwaka 2025 bila kulipwa, kabla ya kugawa fungu jingine lolote. Na madaftari ya miaka miwili iliyotangulia yachunguzwe vivyo hivyo. Pili, waandikiwe mikataba inayotaja sikukuu, likizo na malipo yake, na wasomewe kwa lugha wanayoielewa kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Tatu, kila mwezi Desemba Karani abandike ukutani kalenda ya sikukuu za mwaka unaokuja, pamoja na majina ya watu wa zamu, na Idd ziandikwe kwa penseli. Nne, Mweka Hazina afungue fungu la sikukuu katika kitabu chake, na kila mfanyakazi apewe hati ya malipo inayoonyesha saa zake. Tano, kila mwanachama aliye na duka, hoteli, gari au mifugo inayochungwa kwa mshahara, aende nyumbani akafungue daftari lake kama sisi tulivyofungua letu.

Hili la tano ndilo zito. Ni rahisi kupiga kura kwa fedha za Chama kuliko kwa mfuko wa mtu mwenyewe. Lakini wazee wetu wametufundisha siku zote kwamba mfanyakazi hulipwa jasho lake halijakauka. Jasho la mlinzi wetu limekwisha kukauka mara nyingi, naye bado anakuja kila jioni kwa wakati wake, akiwa na tochi na fimbo yake.

Jana jioni tulimweleza kwamba tungeyasema haya mbele yenu. Akauliza swali moja tu: je, mwaka huu ataweza kuswali Idd pamoja na wanawe? Hakuuliza ni shilingi ngapi. Tulimwambia kwamba jibu si letu, ni la mkutano.

Basi, ndugu wanachama, jibu tunaliweka mikononi mwenu.